Anayeuliza Naye Afundishwe

Julai 2022, wiki chache kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, usaili wa makarani ulishushwa hadi ngazi ya kata. Kwa vijana wa wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Kijana wa Kinyala, Masoko au Suma hakuhitaji kukopa nauli ya kwenda Mbeya. Aliitwa karibu na kwao, akakaa mbele ya jopo, akaulizwa maswali, akarudi nyumbani kusubiri jina lake. Lakini uamuzi huo ulileta jambo jingine ambalo halikuzungumzwa. Katika kata karibu 4,000 za Tanzania Bara, ndani ya siku chache tu, watu wengi ambao kazi yao ya kila siku ni nyingine kabisa walijikuta ni wasaili.

Sensa ilipita, jambo lenyewe likabaki. Rungwe ni wilaya ya waajiri wadogo wengi. Shule ya jumuiya inatafuta mwalimu wa hisabati, zahanati ya kanisa inataka muuguzi, chama cha ushirika cha wakulima wa chai kinataka karani, mnunuzi wa parachichi anataka msimamizi wa wachumaji. Halmashauri nayo, ikipata kibali cha ajira, inaita waombaji wa utendaji wa kijiji au udereva. Kila mara hukusanywa watu watatu hadi watano, meza inapangwa, maji ya chupa yanawekwa, na mara nyingi kuna angalau mmoja kati yao ambaye hajawahi kumhoji mtu. Ameambiwa jana yake jioni kwamba atakuwa kwenye jopo. Anakabidhiwa orodha ya majina na kalamu, basi.

Mwombaji yeye hufika akiwa amefundwa. Dada yake aliyeko Dar es Salaam amempigia simu kumweleza jinsi ya kuvaa na jinsi ya kuketi. Chuoni aliwahi kufundishwa kujibu swali la udhaifu wake kwa namna ambayo udhaifu unageuka kuwa sifa. Mitandaoni amejaziwa video za intavyuu hadi bando limekwisha. Kwa anayeuliza hakuna video, hakuna dada, hakuna semina. Inachukuliwa kwamba mtu mzima mwenye cheo anajua kuuliza. Hajui, na si kosa lake. Kumhoji mtu kwa ajili ya kazi ni ujuzi wenye kanuni zake, unafundishika, na asiyefundishwa huumiza watu bila kukusudia.

Ukubwa wa madhara hayo unategemea idadi ya wanaosubiri mlangoni, na idadi hiyo nchini mwetu ni ya kutisha. Juni 2014 Watanzania zaidi ya 10,000 walijaa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa ajili ya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwanzoni mwa 2025, walimu walipopitishwa kwenye usaili badala ya kupangiwa vituo moja kwa moja, waombaji walizidi 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, wakajitokeza zaidi ya watu 135,000. Mtihani wa kuandika huwachuja wengi. Wanaobaki huingia chumbani mmoja mmoja kwenye mahojiano ya ana kwa ana, na hapo alama moja au mbili zinazotoka mkononi mwa mtu mmoja zinatosha kumfungulia mtu ajira ya miaka 30 au kumrudisha nyumbani.

Sasa, huyo mwenye kalamu anaona nini? Wataalamu wamelichunguza swali hili kwa zaidi ya karne moja, na majibu yao hayampendezi mtu anayejisifu kwamba akimtazama mtu mara moja tu amemjua. Mwaka 2013 Jason Dana na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti uliowashirikisha wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi waliwahoji wenzao, kisha wakatakiwa kukisia alama watakazopata katika masomo. Katika kundi moja, waliohojiwa walikuwa wameelekezwa kujibu ovyo: jibu la ndiyo au hapana lilitokana na herufi za mwanzo za maneno ya mwisho katika swali, wala halikuhusiana na maisha yao. Waliouliza hawakugutuka. Waliondoka wakiamini wamewafahamu vizuri watu wale, na makisio yao yalikuwa mabaya kuliko ya mtu ambaye angetazama tu alama za nyuma akanyamaza. Majibu ya upuuzi yaligeuzwa kuwa picha kamili ya mtu, na picha hiyo ikaaminiwa kuliko karatasi yenye ukweli.

Ndivyo akili ya binadamu ilivyo. Ikipewa vipande vitatu, inajaza kumi vilivyobaki. Kijana akiingia na viatu vilivyong'arishwa, sauti imara na salamu nzuri, msaili mpya ndani ya dakika mbili ameshaamua, na dakika kumi na nane zinazofuata anazitumia kutafuta sababu za kuutetea uamuzi huo. Akiingia binti anayetetemeka kwa sababu ameamka saa kumi alfajiri na kulowa mvua ya Rungwe njia nzima, naye ameshahukumiwa.

Dawa iligunduliwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katikati ya miaka ya 1950, Daniel Kahneman, wakati huo kijana wa miaka ishirini na ushee aliyekuwa ofisa katika jeshi la Israeli, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Usaili uliokuwepo ulichukua dakika 15 hadi 20, wasaili wakizungumza na kijana mambo mbalimbali, kisha wakitoa hisia ya jumla kama atafaa. Ilikuwa imebainika kwamba hisia hizo hazikuwa na msaada karibu wowote wa kutabiri nani angekuwa askari mzuri. Kahneman akachagua sifa sita, akaandika maswali ya mambo halisi ya maisha ya nyuma kwa kila sifa, akaagiza kila sifa ipewe alama yake kabla ya kuhamia nyingine. Wasaili walikasirika. Walilalamika kwamba anawageuza mashine. Akawapa nafuu kidogo: fuateni utaratibu huu hadi mwisho, kisha fumbeni macho, mfikirieni kijana huyo akiwa askari, mtoe alama moja ya moyo wenu.

Miezi michache baadaye matokeo yalikuja. Utaratibu mpya ulitabiri vizuri zaidi kuliko ule wa zamani. La kushangaza ni kwamba hata ile alama ya macho yaliyofumbwa ilikuwa na maana, kwa sababu safari hii moyo ulisubiri ushahidi. Kahneman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, na alisimulia kwamba, miaka kama 45 baada ya kuuanzisha, alitembelea kambi ya jeshi akakuta utaratibu ule bado unatumika. Tafiti za karibuni zimezidi kuupa nguvu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti za miongo mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kwa kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kosa, mahojiano yaliyopangwa yalipata 0.42 na kuongoza njia zote walizozilinganisha. Mahojiano huria, yale ya kuongea tu kadiri hamu inavyotupeleka, yalipata 0.19.

Mtu wa Rungwe ana sababu ya kulitazama jambo hili kwa jicho la historia yake mwenyewe. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa huku katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake kuhusu vijiji vya marika mwaka 1951, alieleza jinsi viongozi wa vijiji, amafumu, walivyopatikana. Wavulana wa rika moja walijenga kijiji chao pembeni ya kijiji cha baba zao na kukua pamoja. Ulipofika wakati wa kizazi kipya kukabidhiwa nchi, jambo lililotokea mara moja kwa miaka thelathini na kitu, wazee waliokuwa wakiondoka madarakani ndio waliowateua amafumu wapya. Ufumu haukuwa mali ya ukoo wa malafyale, yaani chifu, bali ulikwenda kwa mtu wa kawaida aliyeonekana kuwa na busara na uwezo wa kukaa na watu.

Wazee wale hawakuwa na maswali ya kuandika, kwa kuwa hawakuyahitaji. Mtu waliyemteua walikuwa wamemwona akigawa chakula, akigombana na kupatana, akilima kwa bidii au kwa uvivu, tangu akiwa mtoto mchungaji wa ng'ombe. Ushahidi wao ulikuwa wa miaka ishirini. Jopo la leo lina dakika ishirini, na mbele yake ameketi mgeni kutoka Chunya au Songea. Haliwezi kuazima uhakika wa wazee bila kuwa na ushahidi waliokuwa nao. Linachoweza kufanya ni kuutafuta ushahidi huo kwa maswali mazuri, kwa haraka na kwa haki.

Maswali mazuri huanzia kwenye kazi yenyewe. Chukua kazi inayojulikana na kila nyumba ya mkulima wa chai Rungwe: karani anayepima majani mabichi kituoni kabla hayajapelekwa kiwandani. Jopo la kawaida litaanza na "jitambulishe", litafuata na "kwa nini unataka kazi hii", litamalizia na "kwa nini tukuchukue wewe". Majibu ya maswali hayo yanakaririwa, na yanampa ushindi msemaji. Msaili aliyejiandaa angetumia jioni moja kumuuliza msimamizi wa makarani: ni wapi watu wa kazi hii hushindwa? Angeambiwa kwamba hushindwa katika mambo matatu au manne. Wengine huchezea mizani. Wengine hushindwa kumkatalia mkulima aliyeleta majani yaliyokomaa, kwa sababu ni jirani au mjomba. Wengine huandika kilo kimakosa wakati foleni ni ndefu, au huacha majani yamebanana kwenye magunia hadi yanapata joto na kuharibika gari linapochelewa.

Hapo tayari usaili umepatikana. Swali la kwanza: "Tueleze siku ambayo wewe na mtu mwingine mlitofautiana kuhusu hesabu au kipimo. Ilikuwaje, na wewe ulifanya nini?" Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa naye analo jibu, maana amewahi kuuza ndizi gulioni, kushika daftari la michango ya msiba au kusimamia duka la shangazi. Swali la pili linamweka kazini moja kwa moja: "Ni saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha, gari la kiwanda halijafika. Wakulima kumi wanasubiri. Mama mzee wa mtaani kwenu ameleta majani yaliyokomaa, hayafai. Unafanya nini?" Hizi ni njia mbili ambazo watafiti walizipigania tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gary Latham na wenzake walitetea swali la tukio la kubuni, Tom Janz akatetea swali la tukio lililokwisha kutokea. Kwa mwajiri wa Rungwe hakuna haja ya kuchagua upande, zote mbili zinafaa.

Kabla mwombaji wa kwanza hajaingia, jopo linaandika jibu la alama moja likoje, la alama tatu likoje, la alama tano likoje. Anayesema atayapokea majani ya mama kwa sababu ya heshima anapata moja. Anayeyakataa tu na kuendelea na foleni anapata tatu. Tano ni ya yule anayemweleza mama kwa staha kwa nini hayafai, anamwonyesha majani mawili na chipukizi yalivyo, anampigia simu msimamizi kuhusu gari, na anayatandaza majani mazuri yasipate joto wakati wa kusubiri. Mwongozo huo ukishaandikwa, mtoto wa mchungaji na mtoto wa mchoma mkaa wanapimwa kwa mizani ileile, na msaili mpya ana kitu cha kushika mkononi badala ya kumwangalia mwenyekiti anakunja uso au anatabasamu.

Kuuliza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusikiliza, na hapa mila zetu zinahitaji msaili mwenye subira. Kwa Wanyakyusa heshima kwa mkubwa huonekana mwilini. Mwanamke huinama au kupiga goti anapowasalimu wazee, na mkwe wa kike alikatazwa kabisa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Binti aliyelelewa hivyo, akikaa mbele ya wazee wanne wenye suti, atatazama chini. Vitabu vingi vya usaili vilivyoandikwa mbali vitamwambia msaili kwamba asiyetazama machoni anaficha kitu au hajiamini. Katika Rungwe huo ni upotoshaji, na umewanyima kazi mabinti waliolelewa vizuri. Msaili asipime macho, apime jibu.

Kuna pia suala la "sisi". Muulize kijana mnyenyekevu kuhusu kazi aliyoifanya, atasema "tulijenga", "tuliamua", "tulifanikiwa". Anaona aibu kujitaja mbele ya wakubwa. Msaili asiye na uzoefu ataandika kwamba mwombaji hakufanya lolote yeye mwenyewe, wakati mwenzake mwenye kinywa kipana, aliyejibebesha kazi ya watu kumi, anaondoka na alama zote. Tiba yake ni swali fupi la kufuatilia, linaloulizwa kwa upole: "Katika hayo, sehemu yako wewe ilikuwa ipi?" Swali hilohilo linamsaidia mnyenyekevu na kumfichua mwenye makuu. Linastahili kuandikwa juu kabisa ya karatasi ya msaili.

Na ukimya uachwe ufanye kazi. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, aligundua katika miaka ya 1970 kwamba walimu huwasubiri wanafunzi kwa takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu, majibu yalirefuka na waliozoea kunyamaza wakaanza kuzungumza. Kwenye usaili hali ni hiyohiyo. Msaili mpya huogopa kimya. Akiona mtu anafikiri, anarudia swali, anaongeza maelezo, mara nyingine anajikuta amelijibu mwenyewe. Mwishowe yeye ndiye aliyeongea zaidi ya mwombaji, na karatasi yake haina kitu cha kulinganisha.

Lugha nayo ni mtego. Ikiwa kazi itafanyika kwa Kiswahili, na kwa karani wa kituo cha chai itafanyika kwa Kiswahili na Kinyakyusa, mahojiano ya Kiingereza yanapima kitu ambacho kazi haikihitaji. Muuguzi anayeeleza kwa ufasaha, kwa Kiswahili, jinsi ya kumtuliza mama aliyefika akitokwa damu ameonyesha ujuzi wake. Kiingereza kipimwe pale kinapotumika, kwa mwalimu wa somo hilo au mwandishi wa ripoti za wafadhili, na kipimwe kwa karatasi yake.

Yapo maswali ambayo hayapaswi kuulizwa kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi ya kabila au mahali mtu anapotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na mengine, na inasema wazi kwamba mwombaji wa kazi naye analindwa. Mgogoro ukizuka na dalili za ubaguzi zikaonekana, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mwajiri. Hata hivyo bado mabinti huulizwa: "Umeolewa? Mtoto ana umri gani? Mumeo ataruhusu uhamie huku?" Wanaume hawaulizwi hivyo. Mwenye nia njema atasema anataka tu kujua kama mwombaji ataweza kufanya zamu ya usiku. Basi amuulize hivyo: "Kazi hii ina zamu za usiku mara tatu kwa wiki. Utaweza?" Na awaulize wote, wanaume kwa wanawake.

Kuhusu kabila, Rungwe ina jaribu lake. Majina mengi ya ukoo huku yanaanza na Mwa-, na mwenye orodha ya majina mkononi anajua mara moja nani ni wa hapa na nani amekuja. Waajiri wengine hudhani kwamba wa hapa atadumu na mgeni ataondoka. Wengine hufanya kinyume, wakiamini mgeni hatakuwa na ndugu wa kumpendelea. Zote ni dhana kuhusu jina. Njia rahisi ya kuzikata ni kuwapa waombaji namba na kuanza na karatasi za kuandika kabla ya jina kuonekana. Na pale ambapo mwombaji ni mpwa, shemeji, mtoto wa kiroho au mdaiwa wa mjumbe wa jopo, mjumbe huyo atamke na kutoka chumbani. Wilaya hii si kubwa kiasi cha kuficha undugu. Sokoni kesho yake watu watajua.

Jambo moja halihitaji maneno mengi. Anayemdai binti mwili wake ili apate kazi anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Jopo lisiitishe mahojiano kwenye nyumba ya wageni, lisimhoji mtu kwa faragha ya mjumbe mmoja, wala mjumbe asichukue namba ya simu ya mwombaji kwa matumizi yake.

Wakati wa kutoa alama ndipo majopo mengi mazuri huharibika. Mwombaji anatoka, mlango unafungwa, mwenyekiti anasema: "Huyu kijana mzuri sana." Wajumbe waliosalia wanaungana naye mmoja baada ya mwingine, na jopo la watu watano linageuka kuwa jopo la mtu mmoja. Kwenye mazingira yetu, ambako mwenyekiti anaweza kuwa mkuu wa idara, padri au mzee wa kanisa, mwalimu kijana aliyealikwa kwenye jopo hatampinga hadharani. Kwa hiyo kila mjumbe aandike alama zake kwa kila swali, kimyakimya, kabla ya neno lolote kusemwa. Karatasi ziwekwe mezani. Mahali zinapotofautiana sana ndipo pa kuzungumza, na mwenye alama ya chini kabisa na mwenye ya juu kabisa waeleze walichosikia. Mwenyekiti aseme mwisho.

Usaili pia una mipaka yake, na msaili mpya ajue kwamba hakuitwa kuwa mpelelezi. Aprili 2017, ripoti ya uhakiki aliyokabidhiwa Rais John Magufuli mjini Dodoma iliwataja watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Watu wote hao walikuwa kazini. Cheti hakigunduliki kuwa bandia kwa kumkazia mtu macho. Kinagunduliwa na Baraza la Mitihani kwenye kumbukumbu zake. Vilevile dereva hajulikani kwa maneno. Apewe gari, apandishe mlima wa Mwakaleli barabara ikiwa na utelezi, arudi. Katibu muhtasari achape barua. Mwalimu afundishe kipindi kimoja mbele ya wanafunzi halisi. Usaili wa vitendo ukifanyika kwanza, mahojiano yanabaki na kazi yake halali: kujua mtu anafikirije, anakaaje na watu, amefanya nini alipobanwa.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji siku moja. Halmashauri ya Rungwe, bodi za shule, vyama vya ushirika na makanisa yenye hospitali na vyuo yana maofisa utumishi na walimu waliobobea ambao wanaweza kukaa na wasaili wapya siku moja kabla ya zoezi, wakaandika maswali pamoja, wakajaribu kuhojiana wao kwa wao, wakapeana alama na kuona zinavyotofautiana. Msaili mgeni akae kwanza kama msikilizaji katika usaili mmoja mzima, akiandika alama zake ambazo hazihesabiwi, kisha azilinganishe na za wazoefu. Tukuyu na Mpuguso kuna vyuo vya ualimu, kwa hiyo watu wanaojua kupima majibu wapo umbali wa bodaboda.

Na kuna deni moja kwa wale wasiochukuliwa. Kijana wa Kinyala aliyeacha shamba, akaazima shati na kusimama mbele ya jopo kwa dakika ishirini, mara nyingi hapati neno lolote. Anabaki kuitazama simu kwa miezi, akikataa vibarua kwa hofu kwamba ataitwa. Ujumbe mfupi wa maneno unatosha: nafasi imejazwa, asante kwa kuja. Kila mwenyekiti wa jopo katika wilaya hii aweke jukumu hilo kwenye ratiba yake, ateue mtu wa kulitekeleza, na ujumbe utumwe ndani ya siku saba baada ya uamuzi.